Ndevu za mahindi na figo: namna ya kuziandaa, nani anaweza kunywa na nani asiguse kabisa

Msimu wa mahindi mabichi ukianza tu, pembeni ya kila mchoma mahindi kunakuwa na rundo la maganda na ndevu linasubiri mbuzi au gari la taka, na kila mwaka swali linarudi lile lile, eti hizi ndevu ukichemsha ukanywa zinasafisha figo? Majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yananitisha kweli, maana mtu anaambiwa chemsha, kunywa glasi tatu kwa siku, dawa za hospitali weka pembeni, figo zitarudi kama mpya. Sasa naandika yote kwa pamoja, namna ya kuziandaa vizuri, zinafaa wapi na zinaua wapi, kwa sababu kumfundisha mtu kuchemsha bila kumwambia nani asinywe ni kumuweka hatarini.

Kwanza kabisa jua una tatizo gani

Hapa ndo watu wengi wanaruka. "Naumwa figo" inatumika kwa mambo mengi ambayo hayafanani. Kuna anayesikia moto akikojoa, mara nyingi hiyo ni UTI ya kwenye kibofu, figo hazijaguswa. Kuna mwenye mawe. Kuna anayeumwa kiuno kwa sababu wiki nzima amebeba zege, huyo ni misuli. Kuna anayeamka asubuhi uso umevimba na jioni viatu havimuingii. Halafu kuna yule ninayemuogopa kuliko wote, ambaye hana dalili hata moja ila figo zake zimeshachoka kwa presha au sukari ya miaka mingi na hajawahi kupima.

Figo zinachuja majimaji kama lita 180 kwa siku, karibu yote yanarudishwa kwenye damu na kinachotoka kama mkojo ni lita moja mpaka mbili tu. Zina akiba kubwa sana ya nguvu, na ndo maana zinaharibika kimya kimya, kipimo cha kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) kinaweza kusoma vizuri tu mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo uwe umeshapotea. Kwa hiyo kusema "mi najisikia fresh" haithibitishi chochote.

Pima mkojo kuangalia kama kuna protini, hii hata zahanati nyingi wanafanya kwa kile kijiti chenye rangi rangi. Pima kreatinini kwenye damu, na uulize wakukokotolee eGFR, yaani kiwango cha figo kuchuja. Pima presha na sukari hapo hapo maana hao wawili ndo wanaoongoza kuharibu figo za watu wazima. Ukikuta eGFR iko chini ya 60 na imekaa hivyo miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na ikishuka chini ya 15 figo zimefeli.

Na hapa nasema bila kuzunguka: kama eGFR yako iko chini ya 60, au mkojo una protini, au umeshaanza kusafishwa damu kwa mashine, ndevu za mahindi sio zako. Usinywe hata kidogo kidogo, hata kama shangazi yako alikunywa akapona. Endelea kusoma tu ujue kwa nini.

Kwa nini mgonjwa wa figo asinywe

Ndevu za mahindi zina potasiamu nyingi, ni aina ya madini, na ukizichemsha potasiamu inatoka inaingia kwenye maji, yaani ile ile unayokunywa. Mtu mwenye figo nzima ziada yote anaikojoa, hakuna shida. Mtu ambaye figo zimechoka haikojoi, inabaki kwenye damu inapanda. Kawaida kwenye damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5.0 hivi kwa lita, ikifika 6 na kuendelea moyo unaanza kupiga vibaya na unaweza kusimama ghafla, bila onyo. Mtu anaondoka usiku na familia inasema figo zilimshinda, kumbe potasiamu ndo iliyosimamisha moyo.

Hatari inaongezeka zaidi kama mgonjwa yuko kwenye dawa za presha kama losatani au enalaprili, au spironolaktoni, kwa sababu na zenyewe zinabakiza potasiamu mwilini. Dawa nzuri tu hizo na zinalinda figo, usiziache, ila ukiziunganisha na mchemsho wa ndevu wa kila siku unajitafutia balaa.

Kingine, mgonjwa wa figo huwa anapangiwa kiasi cha maji cha kunywa kwa siku. Akiambiwa na jirani anywe lita mbili za mchemsho, maji yale hayatoki, yanaishia miguuni na kwenye mapafu, anashindwa kupumua.

Sasa zinafaa kwa nini hasa?

Kila unywele wa hindi ni njia ya chavua kwenda kwenye punje moja, punje nyingi ndevu nyingi. Wachina wanazichemsha tangu zamani, Wakorea mpaka wanauza chai yake kwenye chupa madukani, Meksiko wanazinywa kwa shida za mkojo, na huku kwetu bibi zetu walizitumia kwa mtu anayekojoa kwa maumivu. Kwa hiyo sio uzushi wa jana.

Ila kutumika sana ni habari moja na kuthibitishwa ni nyingine. Kwenye panya wa maabara dozi kubwa zimeonekana kuongeza mkojo. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba, na kuna jaribio la Vietnam lililochapishwa 1992 ambalo waliwapa watu wenye afya ndevu za mahindi pamoja na mimea mingine mitatu ya asili, wakapima mkojo wa saa 12 na wa saa 24, haukuongezeka. Ninavyoona mimi, kinachomsaidia mtu mwenye figo nzima akinywa mchemsho huu ni kwamba amekunywa maji mengi kuliko kawaida yake. Na hilo sio jambo dogo, watu wetu wengi wanashinda juani na kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi.

Kwa hiyo nani anaweza kunywa: mtu mzima ambaye vipimo vyake viko sawa, hana mimba, hayuko kwenye dawa za kudumu, na anasikia mkojo umekuwa wa njano sana au kuna kaukali kidogo kwa sababu ya kunywa maji machache. Au mtu aliyewahi kutoa jiwe dogo na daktari kamwambia anywe maji kwa wingi ila maji matupu yanamchosha mdomoni. Kwa hao kinakuwa ni kinywaji cha kuwasaidia kuongeza maji. Jiwe lenyewe hakiliyeyushi, na figo iliyokufa hakiifufui.

Namna ya kuziandaa

Sehemu ya kwanza na ngumu kuliko zote ni kujua mahindi yametoka wapi. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Afrika mwaka 2016 na kutufikia huku Tanzania mwaka uliofuata, wakulima wanapiga dawa shambani kuliko zamani, na wengine wanapiga mpaka hindi linapotoa ndevu. Punje imefunikwa na maganda, ndevu ziko nje zinapokea dawa yote. Ukiokota ndevu sokoni au kwa mchoma mahindi hujui lilipigwa nini wala lini, na kuosha kunapunguza tu, hakuondoi yote. Chukua za shamba lako au la mtu unayemjua akakuambia kwa mdomo wake kwamba tangu hindi lichanue hajapiga kitu. Kama huna mtu wa hivyo achana nazo, kunywa maji ya kawaida, hujapoteza kitu.

Chagua hindi bichi lenye maganda ya kijani, lile la kuchoma au kuchemsha. Ndevu nzuri ni za njano njano au za kijani kilichopauka, laini, zina unyevu, hasa zile za ndani ya ganda. Zile ncha za nje zilizokauka rangi ya kahawia kata utupe. Ukiona weusi, unga unga wa kijani, au kinyesi cha kiwavi, tupa hindi zima. Fangasi anayeleta sumukuvu anapenda kuingilia kwenye ndevu hizo hizo ndo afike kwenye punje, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha, chemsha saa nzima bado ipo. Wakenya wanakumbuka 2004 kule Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu, na kwetu 2016 Dodoma na Manyara yalitokea. Inaharibu ini zaidi kuliko figo lakini kufa ni kufa.

Zioshe kwenye maji safi yanayotiririka au ubadilishe maji mara tatu, zitikise, zichuje kwenye chujio la chai.

Ukitaka kutumia mbichi, chukua za mahindi manne au matano makubwa, inakuwa kama konzi moja ya mkono, weka kwenye sufuria na maji lita moja. Zikianza kuchemka punguza moto, funika, acha dakika kumi tu. Zima, ziache zikae zimefunikwa mpaka zipoe, chuja. Maji yanatoka rangi ya chai nyepesi, ladha tamu tamu kwa mbali inakumbusha maji ya mahindi ya kuchemsha. Usiweke sukari. Ukitaka kamulia limao, na kwa mtu wa mawe limao lina faida yake ya kweli, ile asidi ya sitriki inasaidia kuzuia kalsiamu isigande kuwa jiwe.

Ukitaka kukausha uweke, tandaza nyembamba juu ya kitambaa safi au chekecheke, kivulini mahali penye upepo, usiweke chini kwenye udongo na usirundike, geuza asubuhi na jioni. Zikikauka vizuri ukizikunja zinakatika, sio zinapinda. Hali ya hewa ikiwa na mvua mvua usikaushe kabisa, zitaota ukungu katikati na hutaona, tumia mbichi tu siku hiyo. Hifadhi kwenye chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, andika tarehe, baada ya miezi michache tupa hata kama zinaonekana nzuri. Harufu ya uvundo ikitoka ni kutupa. Kwenye kupika, vijiko viwili vya chakula vya kavu kwa nusu lita ya maji vinatosha.

Kiasi: glasi moja asubuhi na moja mchana, kwa siku chache, mwisho wiki moja, halafu acha. Usinywe jioni maana utaamka amka usiku. Uliyopika leo inywe leo, ikilala nje inachacha, na tabia ya kupika ndoo nzima ya wiki nzima kisa gesi ni ghali mimi siikubali. Maji ya kawaida endelea kuyanywa. Kwa mwenye historia ya mawe lengo linalowekwa na wataalamu wa mkojo ni kukojoa angalau lita mbili na nusu kwa siku, kwa hiyo angalia rangi ya mkojo, ukiwa mweupe mweupe wa njano hafifu uko sawa.

Wengine wasioruhusiwa

Mjamzito na anayenyonyesha, acha. Mtoto mdogo, acha kabisa, mtoto mwenye shida ya mkojo apelekwe hospitali. Anayetumia dawa za sukari au insulini, kwa sababu mchemsho unaweza kushusha sukari zaidi akaanguka. Anayetumia dawa za kukojoza kama furosemaidi. Anayetumia warfarini ya kulainisha damu. Mwenye mzio wa mahindi. Na mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu, huyo uvimbe wake unatoka kwingine kabisa na akipoteza muda na mchemsho anazidi kuzama.

Acha mara moja ukiona mwili unawasha, mapigo ya moyo yanaruka, misuli inaishiwa nguvu, au mkojo umepungua badala ya kuongezeka.

Na kuna dalili ambazo ukiziona hata usiwashe jiko, nenda hospitali siku hiyo hiyo: homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya mgongo chini ya mbavu upande mmoja, kutapika, damu kwenye mkojo, mkojo kukata kabisa, maumivu ya jiwe yanayokugaragaza chini. UTI iliyopanda mpaka kwenye figo inahitaji antibiotiki sahihi kwa dozi kamili. Ikiachwa inaingia kwenye damu, na hapo siku moja ni kubwa.

Mabaki mengine yanayosifiwa

Maganda makavu ya maharage, yale yanayobaki baada ya kupura, Ulaya yametumika miaka mingi kama chai ya kusaidia mkojo, hasa Ujerumani. Ni yale yale ya ndevu, mtu mwenye figo nzima anaweza, mgonjwa wa figo hapana. Hakikisha tu hakuna punje mbichi zilizobaki ndani, maharage mabichi yana sumu yake inayotapisha na kuharisha vibaya mpaka yachemke sawasawa.

Jivu ndo ninalolipigia kelele zaidi. Kuna watu wanachoma maganda ya ndizi au ya maharage, wanachuja maji ya jivu. Magharibi mwa Kenya Waluhya wanayatumia siku zote kulainisha mboga na kwa kupikia ni sawa kwa mtu mzima wa afya. Sasa imetokea mitaani kuuzwa kama "chumvi ya asili ya wagonjwa wa figo", eti kwa sababu haina sodiamu ya chumvi ya dukani. Ndugu yangu, hilo jivu ni potasiamu karibu tupu! Unamtoa mgonjwa kwenye chumvi unampeleka kwenye kitu kinachosimamisha moyo. Kama kuna mzee nyumbani aliyekatazwa chumvi, mpikie na limao, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga kwa kipimo, atazoea.

Mbilimbi sio taka ila msimu ukikolea Pwani na Zanzibar zinaoza chini ya mti na watu wanaona bora wakamue juisi wanywe kama dawa ya presha. Kwenye achari au mchuzi hakuna neno. Juisi nzito ya mbilimbi kwa wingi ina oksaleti nyingi mno, kemikali inayoganda kuwa chembe ndani ya figo, na India kwenye jimbo la Kerala madaktari wameripoti watu waliokuwa wazima kabisa figo zikasimama ghafla baada ya kuinywa, wengine wakahitaji mashine. Ndugu yake, lile tunda la nyota lenye pembe tano, kwa mgonjwa wa figo linapanda mpaka kwenye ubongo, linaanza na kwikwi isiyokata, linaenda kwenye degedege na kifo.

Na wale wanaoniambia "cha asili hakina madhara", someni habari za Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 walipewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza mwili vilivyokuwa na mmea wa aina ya Aristolochia, figo zao zikafa, na wengi wakapata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Mmea wa ukoo huo huo ndo uliokuwa gugu kwenye mashamba ya ngano ya vijiji vya Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, mbegu zake zikisagwa pamoja na ngano, watu wakala mkate wa sumu kizazi baada ya kizazi na figo za watu wengi wa vijiji hivyo zikafa bila wao kujua kinachowaua. Kwa hiyo ukiletewa unga wa "dawa ya figo" uliosagwa tayari hujui kilichomo, usinywe. Ndevu angalau unaziona kwa macho ni ndevu.

Kama unataka kulinda figo kweli

Shusha presha na uimeze dawa yake kila siku hata ukijisikia vizuri. Dhibiti sukari. Punguza chumvi. Na hizi dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu ananunua dukani kama pipi kwa ajili ya mgongo au hedhi, zikitumika kila siku zinamaliza figo, hasa kwa mtu aliyekaukiwa maji juani. Nawaona vijana wa bodaboda na wabeba mizigo wanazimeza kila jioni ili kesho waweze kuamka, inaniuma sana, na hao hao mwisho wa siku ndo wanaotafuta mchemsho wa kusafisha.

Ukiamua kunywa ndevu baada ya yote haya, andika kwenye daftari lako la kliniki siku uliyoanza, kiasi, na siku uliyoacha. Ukienda kwa daktari mwambie bila aibu, hata akikunja uso, na kama unazo mbebee kidogo kwenye kifuko azione. Kuna majibu ya maabara ambayo hayaeleweki mpaka mgonjwa aseme anakunywa nini nyumbani.